Kwenda Unguja kwa Kupitia Igoma

Kila mwaka tukifika kwenye Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, kuna mwanafunzi mmoja, mara nyingi wa dawati la nyuma, hunyoosha mkono na kuuliza: "Madam, wewe umeshafika Zanzibar?" Najibu kwamba bado. Darasa linacheka kidogo, si kwa ubaya, halafu tunaendelea na Yasmini na Denge na nyumba ya Mwajuma kule Ng'ambo kama kawaida.

Nafundisha Bunda, mkoani Mara. Kutoka darasani kwangu hadi ziwani si mbali, na hadi Serengeti si mbali pia. Bahari ndiyo iko mbali. Naijua kwa maneno tu, na maneno ninayo mengi: kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, kupwa na kujaa, ngalawa na mtepe. Nimeyaandika ubaoni kwa miaka tisa. Nimewaeleza watoto wa Kijita, ambao baba zao wanavua dagaa kwa karabai usiku, kwamba huko maji huondoka yakaacha mchanga mtupu halafu yakarudi yenyewe. Wananitazama kwa adabu. Ziwa letu haliondoki. Linapungua kwa miaka na kujaa kwa miaka, lakini ukiacha mtumbwi ufukweni jioni, asubuhi utaukuta palepale, labda uwe umeibwa.

Sasa mwaka huu nimeamua kwenda. Na siendi peke yangu, naenda na mama.

Wazo lenyewe ni la mama. Mwezi wa tatu nilikwenda kumsalimia kijijini, upande wa Butiama, nikamkuta anasikiliza redio. Walikuwa wanazungumzia Muungano, kama wanavyofanya kila Aprili ikikaribia. Mama ana miaka 71. Mwaka 1964 alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na anakumbuka wakubwa wakisema kwamba Mwalimu, mtoto wa Chifu Burito wa hapo hapo, amechukua udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar akauchanganya. Yeye alidhani ni udongo mwingi, wa kujaza lori. Alipokuja kuona picha miaka mingi baadaye, kibuyu na vyungu viwili vitatu, alisikitika kidogo.

Basi siku ile akazima redio akaniambia, "Mwalimu alichanganya udongo, lakini sisi hatujachanganya miguu. Nataka nione maji yasiyonyweka kabla magoti hayajakataa kabisa."

Ningesema nilifurahi, na kweli nilifurahi. Lakini kwanza nilishangaa, kwa sababu mama yangu hapandi chombo cha majini. Hapandi kabisa. Ana ndugu Ukerewe, na kwa miaka karibu thelathini ametuma salamu na mahindi, na yeye mwenyewe amebaki nchi kavu.

Nitafika huko. Kwanza niseme habari ya hoteli.

Nilianza kama wanavyoanza watu wote, kwa simu, usiku, bando likiwa limebaki kidogo. Nikaandika Zanzibar na neno hoteli. Zikaja picha. Nilizitazama kwa muda mrefu kama ninavyotazama insha za wanafunzi, kutafuta kilichoachwa. Kilichoachwa ni watu. Kuna mchanga mweupe, kitanda cha kamba, mnazi ulioinama, glasi yenye kipande cha nanasi. Kuna mgongo wa mwanamke wa kizungu anayetazama maji. Jambiani ina kijiji, Nungwi ina waunda majahazi, Paje ina akina mama wanaolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini kwenye picha zile ni kama kisiwa kilishushwa jana kutoka mbinguni kikiwa na shuka zilizopigwa pasi. Jina la riwaya ya Abdulrazak Gurnah likanijia, Paradise, ile ambayo Ida Hadjivayanis ameitia kwenye Kiswahili ikaitwa Peponi, mwaka 2022. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, na pepo ya kitabu chake si ya kulala kwenye kitanda cha kamba. Ni ya mtoto anayetolewa rehani kwa deni la baba yake, akapelekwa na msafara kutoka pwani hadi bara, hadi maziwani.

Yaani, kuja kwetu. Nimekisoma kitabu kile nikiwa huku kwetu maziwani, na siku zote nimekisoma kinyumenyume: wao wanaogopa kule wanakokwenda, na kule ndiko nyumbani. Watu wa bara wengi walioiona Unguja karne ya 19 waliiona wakiwa wamebeba pembe mabegani au wakiwa wao wenyewe ndio mzigo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na juu yake likajengwa kanisa la Waanglikana. Hii pia imo kwenye orodha yangu ya mambo ya kuona, ingawa sijui nitamweleza mama kwa maneno gani, maana yeye anadhani tunakwenda kustarehe.

Niliandikia hoteli tatu. Moja haikujibu. Moja ilijibu kwa Kiingereza kizuri sana na bei ya usiku mmoja ikawa zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi, "kwa kila mtu". Ya tatu ilijibu kwa Kiswahili, na huyo aliyejibu, nadhani ni kijana, akaongeza mwishoni kitu ambacho naona hakikuwa kwenye maelekezo ya kazi yake: "Mwalimu, kama ni wewe na mama, tafuteni gesti ya kijijini, mtakula vizuri zaidi." Namshukuru. Ndivyo tulivyoondoka kwenye suala la hoteli kubwa, na wala sikuona uchungu nilioutegemea.

Kuna kichekesho hapa ambacho watu wa Bunda wanakijua. Sisi ndio tunaoishi mahali ambapo watu huvuka dunia kuja kupaona. Ukipanda basi kwenda Mwanza, ukipita karibu na lango la Ndabaka, unaweza kuona pundamilia kwa dirisha la basi huku konda anadai nauli. Watalii hutoka Ulaya na Marekani, wanakaa Serengeti siku tatu nne, halafu wanapanda ndege ndogo hapo hapo porini na jioni wanakula pweza Unguja. "Nyika na fukwe," wanaiita hiyo safari. Kwao sisi na Zanzibar tuko kwenye tiketi moja. Kwetu sisi, kati ya Bunda na Zanzibar kuna nchi nzima.

Na nchi hiyo inapitika hivi, kwa mtu asiye na hela ya ndege. Basi kutoka Musoma linakukuta Bunda, mnakwenda hadi Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, mnapanda mlima Sekenke, Singida, Manyoni, Dodoma. Zamani mabasi yalikatazwa kutembea usiku, mkilala njiani mnalala, ila tangu 2023 yanaruhusiwa usiku kucha, kwa hiyo unaweza kukaa kwenye kiti mpaka Dar es Salaam kama una kiuno cha chuma. Mama hana. Ila tangu Agosti 2024 kuna treni ya umeme rasmi kati ya Dodoma na Dar, na mama alipolisikia hilo akasema basi ni kwa treni, hamna mjadala. Aliwahi kuipanda treni ya zamani mara moja, akiwa msichana, na anakumbuka kwamba mtu alimwibia kuku. Anataka kuona kama hii mpya nayo ina wezi wa kuku.

Kwa hiyo basi hadi Dodoma, tunalala, treni kesho yake, saa tatu na kitu tuko Dar. Hapo ndipo maji yanapoanza.

Na kabla ya maji kuna kaka yangu.

Kaka anafanya kazi mwaloni Musoma, biashara ya samaki, na ni mtu mwema ambaye hajawahi kununua kitu kisichoshikika. Nyumba ya mama inavuja upande wa jikoni. Tulikubaliana tangu mwaka jana kwamba Desemba hii tutaezeka upya, mimi nitoe fedha za kikoba changu nikikivunja, yeye atoe mbao na fundi. Nilipompigia kumwambia kwamba fedha za kikoba, milioni moja na laki nane, zinakwenda Unguja, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Maji," akasema. "Mnaenda kutazama maji."

"Ndiyo, kaka."

"Mwalimu, mimi nikifungua mlango naona maji. Njoo nikuonyeshe bure."

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona hoja yake ina uzito. Mabati yanakaa miaka ishirini. Safari ya siku tisa inakaa siku tisa. Lakini nilimwambia kitu kimoja ambacho nakisimamia bado: mama ametulea kwa shamba la muhogo na pamba, na katika miaka yote hiyo hajaomba kitu ambacho si cha mtu mwingine. Ada, ya kwetu. Dawa, ya baba. Mabati yenyewe ni sisi tunayataka, kwa sababu tunaona aibu wageni wakija mvua inanyesha. Hiki kisiwa ndicho kitu cha kwanza alichokiomba yeye kwa ajili yake. Kaka akasema, "Haya." Kwa kaka yangu, "haya" ina maana nyingi, na kukubali ni mojawapo tu. Tangu siku hiyo hatujaligusa tena.

Sasa maji.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, asubuhi, ikitoka Bukoba. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu zaidi ya 800. Mama mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, msichana wa mjini, mcheshi, ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Sisi tulipata habari kwa redio kwanza, majina yakaja baadaye sana, na mwili haukutambuliwa. Wengi walizikwa Igoma, pale nje ya mji wa Mwanza kama unatokea kwetu, kwenye makaburi ya pamoja. Mama hajui kama mdogo wake yuko pale au yuko ziwani. Basi zote za Musoma kwenda Mwanza zinapita Igoma. Mara zote tulizopita pamoja, mama anageuza uso upande wa pili wa dirisha kuanzia Kisesa.

Hiyo ndiyo sababu hapandi chombo. Na ziwa halikumpa nafasi ya kusahau. Septemba 20, 2018 kivuko kilipinduka karibu na Ukara, watu 228 wakafa, na kivuko hicho kiliitwa MV Nyerere. Kwetu Butiama jina lile lilikuwa na uzito wa pekee, watu walilisema kwa sauti ya chini. Fundi mmoja alitolewa hai tumboni mwa kivuko baada ya siku mbili, na kwa wiki nzima mama alikuwa anamzungumzia mtu yule ambaye hamjui kama mtoto wake.

Baharini nako si salama zaidi. Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikienda Pemba, mamia ya watu. Julai 18, 2012, Skagit, ikitoka Dar kwenda Unguja, njia ile ile tunayoitaka sisi. Nilijua haya na mama pia anayajua, redio haimfichi mtu kitu. Kwa hiyo nikapendekeza ndege ndogo kutoka Dar, dakika ishirini tu, umefika. Nilikuwa nimeshapiga hesabu, tukipunguza siku mbili inawezekana.

Mama akaniuliza, "Ile ndege ya Bukoba ilianguka wapi?"

Novemba 6, 2022, ikikaribia uwanja wa Bukoba, ndege ya abiria iliangukia ziwani. Watu 19 walikufa. Wavuvi ndio waliowahi na mitumbwi.

"Sasa," akasema mama, "mwenye kuanguka majini si ni bora awe ameanzia chini?"

Hoja hiyo sijaweza kuipangua. Niwe mkweli, niliipenda kuliko hoja nyingi nilizosoma kwenye insha za uhakiki.

Kwa hiyo ni boti. Na swali likawa lini. Hapa ndipo maneno yangu ya ubaoni yalipoanza kunifaa kwa mara ya kwanza maishani. Likizo zangu ni mbili, Juni na Desemba. Juni ni kusi. Kusi ni upepo unaotoka kusini, wenye nguvu, unaanza baada ya masika na kuvuma miezi ya katikati ya mwaka, na mkondo wa kati ya Dar na Unguja unachafuka. Skagit ilizama Julai. Desemba ni kaskazi inaingia, upepo wa upande mwingine, bahari huwa tulivu zaidi, ingawa vuli inaweza kukumwagia mvua mwanzoni. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi waandike "kusi: upepo wa msimu" wapate alama moja. Sasa nilikuwa nahesabu kwa vidole ni upepo upi unaweza kumvusha mama yangu.

Desemba basi, lakini mapema, kabla ya Krismasi, maana kuanzia wiki ya Krismasi vyumba vyote hupanda bei. Mama akalalamika kuhusu palizi. Mahindi ya vuli Desemba yanataka jembe, hayajali kaskazi wala kusi. Imebidi amwombe jirani, na jirani naye ametaka aletewe karafuu.

Halafu kuna mwezi. Hili sikulijua mpaka kijana wa hoteli ya tatu aliponieleza, tumekuwa tukiandikiana. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa huenda mbali sana, unatembea mchangani na kwenye matope ya mwani hadi unachoka kuyafuata. Wazungu wengine hulalamika kwamba walilipia bahari wakapewa uwanja. Upande wa kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaondoki mbali hivyo, unaoga wakati wowote. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, ndipo yanapopwa na kujaa kupita kiasi. Kila mtu akashauri Nungwi. Nilimweleza mama yote mawili. Akachagua pale maji yanapoondoka. "Nikitaka maji yanayokaa nitakwenda Musoma," akasema. Aliposikia kwamba wanawake wa kule maji yakiondoka wanaingia kulima, na yakirudi yanafunika shamba, alinyamaza kidogo akauliza wanatumia jembe gani. Nikamwambia ni vigingi na kamba. Hakuniamini. Kwa hiyo tumepanga Jambiani usiku mbili, bamvua ya mwezi mpevu, na mama anakwenda kukagua kilimo.

Kabla ya hapo, Mji Mkongwe usiku tatu, gesti ndogo ya chumba kimoja vitanda viwili. Mama aliuliza kuhusu misa ya Jumapili. Nilimwambia kuna kanisa la Minara Miwili, la Kikatoliki, katikati ya mji. Akashusha pumzi kama mtu aliyesikia kuna hospitali.

Mwezi wa tisa, Ijumaa jioni, mama alinipigia. Akasema, "Kesho nipeleke Ukerewe."

Nilidhani kuna msiba.

"Hamna msiba. Nataka nijaribu."

Tuliondoka Bunda alfajiri kwa barabara ya Bulamba hadi Kisorya, ambako kivuko cha kwenda Rugezi kinaegesha. Ni safari fupi, hata nusu saa haifiki vizuri. Ng'ambo unaiona. Tulikuta foleni ya magari, bodaboda, mama mmoja na matenga ya nyanya, vijana wa shule. Mama alisimama mbali na ukingo akakitazama kile chombo kutoka mbele hadi nyuma, taratibu, kama anavyotazama ng'ombe mnadani. Akauliza kijana wa pale kinabeba watu wangapi. Kijana akajibu. Akauliza mmeingia wangapi. Kijana akacheka, akasema, "Bibi, wako ndani ya idadi." Mama hakucheka. Alianza kuhesabu majaketi ya kuokolea yaliyoning'inia, kwa sauti, kwa Kizanaki, na watu wakaanza kumtazama, na mimi nikaona haya, na baadaye nikaona haya kwa kuona haya. Alipofika mwisho wa hesabu akachukua moja, akalivaa juu ya kitenge, akalifunga kamba zote. Mama wa nyanya alimtazama, akaenda naye akachukua lake. Halafu wanafunzi wawili. Tulipoondoka Kisorya karibu nusu ya abiria tulikuwa tumevaa, jambo ambalo nadhani kivuko kile hakijawahi kuliona.

Hakukaa. Alisimama njia nzima ameshika chuma, uso umeelekea kule tunakokwenda. Sikumsemesha. Nilikuwa nimebeba Rosa Mistika kwenye mkoba, kwa ujinga wangu wa kialimu, nikidhani nitasoma kidogo nikiwa kwenye kisiwa cha mwandishi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe. Na kisiwa hicho hicho ndicho cha Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikaja kuchapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35 mswada unasubiri. Huwa nawaambia wanafunzi habari hiyo wanapolalamika kwamba matokeo ya mtihani yamechelewa wiki mbili. Mara zote tukitaja fasihi na visiwa watu huwaza Unguja na Pemba, na ni haki, lakini pale kwenye kivuko nilifikiri kwamba sisi watu wa ziwa tuna kisiwa chetu chenye vitabu na wengi wetu tunakipita tukikimbilia baharini. Sikukifungua kitabu. Nilimwangalia mama mikono.

Rugezi tulikunywa chai na maandazi kwenye kibanda. Ndugu zetu hatukuwaambia kwamba tunakuja, wangetuchinjia mbuzi na tungelala. Baada ya chai mama akasema turudi. Nikamuuliza kama hataki walau kufika Nansio, tumeshavuka. Akasema hakuja kutembea.

Wakati wa kurudi alikaa. Majaketi alihesabu tena. Tulipokuwa katikati ya maji alisema jina la mdogo wake, mara moja tu, si kwa huzuni ya kilio, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Halafu akasema, "Tukienda, tupite Mwanza."

Nilikuwa nimeshachagua basi linalokata kwa Bariadi na Maswa. Njia hiyo ni fupi, inatuokoa masaa, na haiingii Mwanza kabisa. Sikuwahi kumwambia kwa nini nimeichagua, ingawa nadhani alijua. Nimebadilisha. Sasa tunaondoka siku moja kabla, tunalala Mwanza kwa binamu yetu Nyakato, na asubuhi tunakwenda Igoma. Mama ameomba tusimwambie mtu mwingine yeyote, asije kila mtu akataka kuja, ikawa msiba upya. Anataka kukaa pale kidogo, basi. Amesema hatapeleka maua, atapeleka kitenge. Sikuuliza atakifanyia nini.

Kwa hiyo ratiba yangu, ambayo nimeibandika ndani ya kabati la nguo, imekuwa hivi: Igoma, halafu Dodoma, halafu treni, halafu boti ya asubuhi, ya asubuhi hasa kwa sababu nimeambiwa upepo huamka mchana. Kwenye boti Mtanzania anaonyesha kitambulisho analipa nauli ya mwenyeji, na hapo tuna kazi ndogo, kwa kuwa mama ana namba ya kitambulisho cha taifa lakini kadi yenyewe hajaiona. Tunacho kitambulisho cha mpiga kura, na cheti cha ubatizo amesisitiza kukibeba, pengine Wazanzibari wakikisoma watamwonea huruma. Fedha zimebaki kidogo baada ya kuongeza usiku wa Mwanza. Nimefuta safari ya kwenda kuona mashamba ya viungo, na jirani atapata karafuu za sokoni Darajani.

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita nimewaambia. Yule wa dawati la nyuma ameniagiza nipige picha Ng'ambo, anataka kuona kama nyumba ya Mwajuma ipo. Nilimkumbusha kwamba Mwajuma ni mhusika. "Najua, Madam," akasema, "ila nyumba lazima iko."

Wiki iliyopita kaka alituma laki moja kwenye simu yangu, bila ujumbe. Nilimpigia kumshukuru akasema ni ya mabati, niiweke. Halafu akauliza ni boti ya kampuni gani na inaondoka saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Haya."

Mama naye amepiga jana usiku, amechelewa kuliko kawaida yake, nikajua amekuwa akiwaza. Anauliza kama Unguja kuna maharage ya kawaida au abebe yake, na kama dagaa wa Musoma wanaruhusiwa kwenye boti, kwa sababu ameambiwa dagaa wa kule wana chumvi tayari.